Wenzetu wanagawana samoni kabla msimu haujafunguliwa. Sisi Tanga kwa nini tusubiri kukatiana nyavu?

Mgosi wa Sahare (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kaskazi ikishika tu, maneno ni yaleyale kuanzia Moa hadi Kipumbwi. Wenye majarife, zile nyavu kubwa za kutega, wanalalamikia boti za watalii zinazorambaza, yaani kukokota mishipi yenye ndoana, juu ya nyavu zao. Wenye boti za watalii wanasema nyavu zimeziba njia nzima, mteja kalipa pesa yake na karudi bila samaki kugusa ndoana. Mvuvi wa mshipi yuko katikati, hana wa kumsemea. Kikao kinaitwa baada ya watu kukatiana nyavu, na kikao cha namna hiyo hujadili fidia. Samaki hawatajwi.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia namna samoni wanavyogawanywa pwani ya magharibi ya Marekani, na kuna jambo moja la kule ninaloamini kabisa linatufaa: makundi yote hukaa mezani kabla chombo hakijashuka majini, wakaanza na hesabu ya samaki wa kubaki, ndipo wakagawana wa kuvuliwa. Nivumilieni nieleze.

Kwa asiyemjua, samoni wa Pasifiki anazaliwa mtoni, kwenye changarawe na maji baridi. Akikua kidogo anashuka baharini, anakaa huko miaka kadhaa, kisha anarudi kwenye mto alikozaliwa, anataga, anakufa. Mkubwa kuliko wote anaitwa Chinook. Koho ni mdogo kwake. Akiwa bado baharini anatafutwa na makundi mawili kwa wakati mmoja. Wapo wavuvi wa biashara wanaorambaza kwa mishipi mingi na kuuza kwa uzito. Wapo wavuvi wa burudani: mtu na boti yake na wanawe, au wateja waliokodi boti na nahodha kwa siku moja. Na yapo makabila ya wenyeji, ambayo yana habari yake.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 1976 iliunda mabaraza 8 ya kanda. Baraza la Pasifiki ndilo linalopanga misimu ya samoni kuanzia maili 3 hadi 200 nje ya Washington, Oregon na California. Wajumbe wenye kura ni 14, na chini yao kuna kamati ya wataalamu wa hesabu na kamati ya wadau ambamo mvuvi wa biashara, nahodha wa boti za kukodi na mvuvi wa burudani wanakaa pamoja.

Mwanzoni mwa mwaka wataalamu wanatoa taarifa mbili: msimu uliopita ulikwendaje, na mwaka huu wanatarajiwa samaki wangapi. Makadirio hayo yana msingi. Kila mwaka kuna madume machache yanayowahi kurudi mtoni yakiwa na miaka 2 tu, madogo. Ukiyahesabu hayo unapata picha ya ndugu zao waliobaki baharini, watakaorudi mwaka unaofuata wakiwa na miaka 3. Baada ya hapo inatolewa kwanza idadi ya wazazi wanaotakiwa kufika mtoni kutaga. Kwa Chinook wanaopanda mto Sacramento, California, wakati wa vuli, lengo lililotumika kwa miaka mingi ni wazazi 122,000 hadi 180,000. Kinachozidi hapo ndicho cha kuvuliwa. Kisipozidi, hakuna msimu.

Machi baraza linatoa mapendekezo matatu, yanapelekwa kwenye mikutano ya hadhara. Mwenye boti, mwenye hoteli, mwenye duka la ndoana, kila mmoja anasimama anasema. Aprili inapigwa kura. Mei watu wako kazini na kila mmoja anajua fungu lake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tutulie. Kaskazini mwa rasi ya Cape Falcon, Oregon, mgao kati ya biashara na burudani umeandikwa ndani ya mpango wenyewe, na unabadilika kufuatana na wingi wa samaki. Kwa Chinook 100,000 wa kwanza wanaoruhusiwa kuvuliwa, biashara asilimia 50 na burudani 50. Kwa wanaozidi hapo hadi 150,000, biashara 60 na burudani 40. Wakizidi tena, biashara 70, burudani 30. Kwa koho ni tofauti pale samaki wanapokuwa wachache: katika 300,000 wa kwanza biashara wanapata 25 tu, burudani 75. Wanaozidi hapo ndio wanagawanywa 60 kwa 40.

Utauliza kwa nini. Jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Mvuvi wa biashara anaishi kwa kilo. Anamtaka Chinook kwa sababu ni mkubwa na ana bei. Mvuvi wa burudani anaishi kwa siku. Yeye, na nahodha anayemchukua, na hoteli anayolala, wanachohitaji ni msimu uwe mrefu na mteja awe na matumaini ya kupata samaki wake wawili. Koho anampa hilo. Kwa hiyo samaki wakiwa wachache, kila kundi linalindiwa kile linachokitegemea zaidi. Na zaidi ya hapo, sheria inawaruhusu kubadilishana kabla ya msimu: burudani waachie sehemu ya Chinook wao, biashara waachie koho.

Sisi tunagombana kana kwamba wote tunataka kitu kimoja. Wa jarife anataka kilo za nguru na jodari zifike mnadani Deep Sea. Nahodha wa mtalii anataka asubuhi chache za maji safi na nduwaro aruke nyuma ya boti apigwe picha. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Vinaweza kupangwa.

Naomba michango ya watu wa baharini.

Baharia Mstaafu

Kijana wangu, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika vizuri. Lakini mimi nina swali la mtu aliyevua nguru kwa mshipi ujana wake wote.

Samoni anarudi mtoni. Mto una kingo mbili, mtu akikaa pale na daftari anahesabu. Nguru unamhesabia wapi? Mkondo wa Pemba una kina cha kutisha, samaki leo yuko mbele ya Kigombe, kesho yuko Shimoni kwa Wakenya, keshokutwa hujui. Hiyo asilimia 50 utaitoa kwenye nini? Watu wa vitabu wakija na asilimia bila kujua jumla yake, anayeumia ni mwenye ngalawa.

Pili, usiseme kama vile Tanga hatujawahi kukaa mezani. Ule mpango wa ukanda wa pwani wa Tanga, kuanzia 1994 mpaka 2007, vijiji tulikaa, tukachagua miamba ya kufunga, tukaweka doria. Wengine tulikuwemo. Samaki walirudi kwenye baadhi ya miamba. Kilichotuvunja nguvu ni baruti. Unafunga mwamba wako, mwingine anakuja usiku analipua, asubuhi unakuta matumbawe yamekuwa kifusi. Mpango wowote unaoleta, niambie kwanza utamzuiaje asiyekuja kwenye kikao.

Mgosi wa Sahare

Shikamoo mzee wangu. Maswali yako ni mazito na nayajibu kwa heshima.

La kuhesabu. Ni kweli nguru hana mto. Lakini hata samoni akiwa baharini hakuna anayejua kwa macho ametoka mto gani. Wanamjua kwa kazi ya mikono. Kwenye vituo vya kufugia vifaranga, samoni wengi hukatwa kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia kabla ya kuachiwa, na baadhi yao huingizwa puani waya wenye urefu wa milimita moja hivi, wenye namba. Miaka kadhaa baadaye boti inafunga gati, mchukua takwimu anakagua samaki mmojammoja. Akigundua mwenye waya, anakata kichwa, anakitia kwenye mfuko na karatasi yenye tarehe, mahali alipovuliwa, na kama ni wa biashara au wa burudani. Maabara wanautoa waya, wanausoma. Hivyo ndivyo wanavyojua samaki wa mto fulani waliliwa na nani na wapi. Siri yote iko pale gatini, kwa mtu aliyepewa kazi ya kuandika na wavuvi waliokubali kuandikwa.

Sisi tuna gati. Tuna BMU, vikundi vyetu vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Hatuhitaji waya puani mwa nguru ili tuanze. Tunahitaji safari ngapi zimetoka, kilo ngapi zimerudi, na urefu wa samaki. Kilo kwa safari zikishuka msimu baada ya msimu na samaki wakizidi kuwa wafupi, hiyo ni hesabu tosha ya kukaa kikao. Nenda mnada wa Deep Sea uangalie: nguru wanatandazwa sakafuni, dalali anawapandisha bei kwa kuwatazama, mchuuzi anamwinua mmoja kwa mkia anakadiria uzito kwa mkono, bei inafika, samaki anaingia kwenye ndoo ya barafu, basi. Hakuna aliyempima. Taarifa imekwenda na baiskeli.

La kuvuka mpaka: samoni nao wanavuka. Wanaozaliwa Washington wanavuliwa Kanada na Alaska. Ndiyo maana mwaka 1985 Marekani na Kanada zilisaini mkataba wa samoni wa Pasifiki, baada ya miaka mingi ya kila mmoja kuvua wa mwenzake. Vanga na Shimoni na Moa ni watu wamoja kwa damu. Hatushindwi.

La baruti nakubaliana nawe kwa asilimia zote. Mgao bila doria hauna maana.

BintiMoa

Asalaam alaykum. Nimesoma, na kama ilivyo kawaida naona wanaume wa boti mbili wanagawana bahari, sisi hatumo.

Nizungumzie pweza. Zamani pweza wa mwamba ulio wazi maji yakikupwa alikuwa wa wanawake. Bamvua likifika unashuka na kijiti chako, unalijua shimo la pweza kwa maganda ya kaa aliyoyarundika mlangoni, unamchokoa taratibu. Tulisomesha watoto kwa hiyo kazi. Siku hizi bei imepanda, kampuni zinanunua, vijana wenye miwani na mikuki wanazamia kabla maji hayajakupwa vizuri. Sisi tukifika mashimo ni matupu, au wamebaki wadogo ambao hata kanuni hairuhusu, maana chini ya gramu 500 ni kosa.

Mleta mada umesema Wamarekani wana makundi mawili halafu makabila ya wenyeji "yana habari yake". Naomba hiyo habari yake, kwa sababu nahisi ndiyo inayonihusu mimi.

Mgosi wa Sahare

Wa alaykum salaam dada. Umegusa penyewe.

Makabila ya eneo la Washington yalisaini mikataba na serikali ya Marekani mwaka 1854 na 1855. Yalitoa ardhi, yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa asili kwa pamoja na raia wengine. Miaka mia na ushee ikapita. Viwanda vikaja, boti kubwa zikaja, wavuvi wa burudani wakaja, samaki wakawa wanaisha baharini kabla hawajafika mtoni walipo wenyeji. Wenyeji wakitega nyavu zao wanakamatwa. Ikaenda mahakamani, na tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba maneno yale ya mkataba yanawapa makabila haki ya hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa kwenye maeneo yao, na kwamba wao ni wasimamizi pamoja na jimbo. Kulikuwa na vurugu kubwa, wavuvi wengine walikataa kutii. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikauunga mkono uamuzi huo kwa sehemu kubwa. Leo jimbo na makabila wanakaa pamoja kila mwaka kupanga msimu.

Mifumo yetu ni tofauti, sisi hatuna mikataba ya namna ile. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba kundi linalosubiri samaki wafike mwisho wa safari, mtoni au kwenye mwamba uliokupwa, ndilo linalomalizwa kwanza kama fungu lake halijaandikwa. Wanaowahi mbele wanakula chote, na hakuna aliyekusudia kumdhulumu mtu. Kwa hiyo fungu la wanawake wa pweza liandikwe: mwamba gani wazamiaji hawaingii siku za bamvua. Liwe kwenye sheria ndogo ya kijiji, si kwenye ahadi ya mwenyekiti.

Na pweza ndiye wa kuanza naye kuliko nguru. Anakua haraka sana, maisha yake ni mafupi, jike likishataga na kulinda mayai linakufa. Ukifunga mwamba miezi michache tu tofauti inaonekana kwenye mizani. Andavadoaka kule Madagaska walianza mwaka 2004, na Kisiwa Panza, Pemba, nao wamefunga na kufungua kwa utaratibu wa kijiji.

Kaole_Boy

Mimi ni wa Bagamoyo, naomba niwape mfano wa kwetu, maana tumepitia hili la makundi mawili na samaki mmoja, ila kwetu ilikuwa ni kambamiti.

Meli za kuburuza nyavu zilikuwa zinakuja mbele yetu kabisa. Na si kwamba hapakuwa na mpango. Ulikuwepo, kwa karatasi ulikuwa mzuri tu: bahari iligawanywa kanda tatu, ya kwanza ikiwa yetu ya Bagamoyo na Saadani, meli zinazungushwa kanda hadi kanda, usiku hairuhusiwi, msimu una kufungua na kufunga. Sasa mtazame kambamiti mwenyewe. Mayai yake yanatagwa baharini, kifaranga kinaingia kwenye mikoko ya Wami na Ruvu, kinakulia humo, kikipata ukubwa kinatoka nje. Mvuvi mdogo anamsubiri mlangoni pa mto. Meli inamsubiri mita kadhaa mbele. Samaki wadogo wanaoingia kwenye wavu wa meli bila kutakiwa wanatupwa wakiwa wamekufa, na nyavu za wadogo zinakokotwa. Malalamiko yalizidi, mavuno yakashuka kwa wote, hadi serikali ikasimamisha meli hizo kati ya mwaka 2007 na 2008.

Nimewahi kuwaza sana kwa nini ule mpango haukutosha. Uligawa mahali na muda, haukugawa samaki. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kambamiti wakiwa wachache mwaka huu, fungu la nani linapungua kwanza. Kwenye samoni, kwa ulivyoeleza mkuu, hilo ndilo limeandikwa: wakipungua, asilimia zinahama zenyewe. Kwetu walipopungua kila mtu aliongeza bidii.

Nahodha wa Ushongo

Nimekuwa nikisoma kimya, sasa nachangia kwa sababu mimi ndiye huyo wa boti za watalii mnayemsema.

Kwanza niseme ukweli wa upande wetu. Mteja wangu hana shida na kilo. Nduwaro tukimpata tunamleta ubavuni, anapigwa picha, tunamwachia akiwa hai. Jodari mmoja tunapika, basi. Mteja huyo kalala kijijini, kala kwa mama lishe, kanunua kikapu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Na kanuni za uvuvi zinatutambua, leseni ya uvuvi wa burudani ipo na tunalipia.

Pili, tukikata wavu wa mtu, mara nyingi ni alfajiri, jarife halina taa wala boya linaloonekana. Ni kweli pia kwamba wapo manahodha wanaopita hivyohivyo wakiona, nami hilo linanikera kwa sababu linaniharibia mimi ninayeishi na hao watu.

Hiyo hoja ya kilo na siku imeniingia sana. Mimi niko tayari kusema hivi hadharani: tuachieni asubuhi za eneo moja la mkondo, tulikubaliane, kwa kipindi cha kaskazi ambacho wageni wapo. Majarife yawe yameinuliwa pale kabla jua halijatoka, na yawe na taa. Sisi kwa upande wetu nguru wote tutakaowapata, baada ya mteja kula, waingie mnadani kwa jina la kijiji, fedha ziende kwenye mafuta ya doria. Kilo hatuzihitaji. Siku ndizo tunazozihitaji.

Na kusi likivuma sisi tumefunga, bahari yote ni yenu.

Baharia Mstaafu

Nahodha, hiyo ni kauli ya mtu mzima. Ila "asubuhi za eneo moja" ni maneno ya kuelea. Eneo gani? Kama ni pale mkondo unapopinda ambapo jodari wanapanda, hapo ndipo wa mshipi anapopata riziki yake, na yeye hana wavu wa kukata wala kelele ya kupiga. Usipomtaja atafukuzwa na pande zote mbili.

Nahodha wa Ushongo

Sawa mzee wangu. Wa mshipi abaki. Yeye na mimi hatugombani, tena mara nyingi ndiye anayenionyesha samaki walipo.

MwanaFETA

Habari zenu wadau. Mimi nimesomea uvuvi, na naupenda mjadala huu, lakini naogopa tukiondoka hapa tukidhani mgao ndio dawa ya kila kitu.

California, ambako ule utaratibu wa Machi na Aprili unafuatwa kwa ukamilifu, uvuvi wa samoni baharini ulifungwa karibu wote mwaka 2008 na 2009. Ukafungwa tena 2023 na 2024, kwa biashara na burudani wote. Mwaka 2025 biashara walibaki wamefungiwa, burudani wakapewa siku chache tu. Wavuvi hawakuvunja mgao. Mara ya kwanza samaki wachanga walikosa chakula hasa baharini, mara ya pili walikosa mto. Ukame ulipunguza maji, yaliyobaki yakapata joto, mayai na vifaranga vikafa, mabwawa yakazuia njia za kupandia. Kwenye mto Klamath ilibidi mabwawa manne yabomolewe, kazi ikakamilika mwaka 2024, na msimu wa vuli uleule Chinook wakaonekana juu ya mahali palipokuwa na bwawa la Iron Gate.

Kwa hiyo ukigawa vizuri kinachovuliwa huku mikoko inakatwa kwa mkaa na kuni za chokaa, unagawa kitu kinachoisha. Vifaranga vya samaki wengi tunaowala Tanga vinakulia kwenye mikoko na majani ya bahari. Naomba kwenye mpango wenu mikoko iwe na ukurasa wake.

Mgosi wa Sahare

Mkuu nashukuru sana, na nakubali neno kwa neno. Lakini niongeze upande wa pili wa hiyo habari. Miaka hiyo ya kufungwa, wavuvi wa biashara na wa burudani walipata hasara pamoja na walidai maji ya mto pamoja. Watu waliozoea kukaa meza moja kila mwaka wanajua namba zilezile, hata kama kila mmoja anavuta kwake. Sisi leo mtu akija kukata mikoko ya Mwambani au ya Kwale, wa jarife na wa mtalii hawataonana hata kwenye simu. Hiyo nayo ni faida ya kikao, na kwangu ni kubwa kuliko asilimia zenyewe.

Sasa nataka tutoke na kitu cha kupeleka kwenye BMU zetu kabla ya kaskazi. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni za 2009 zinazitambua BMU, hivyo hatuombi chombo kipya.

Nionavyo mimi, mwaka wa kwanza usiwe na mgao wa asilimia kabisa. Mzee ameshasema, asilimia bila jumla ni kumwonea mwenye ngalawa. Mwaka wa kwanza uwe wa daftari: kila chombo kikirudi, cha biashara au cha burudani, kiandike kimetoka lini, kimevua kwa nini, kilo za nguru, jodari na kolekole, na urefu wa nguru watano wa kwanza watakaoshushwa. Nduwaro walioachiwa nao waandikwe, kwa sababu samaki aliyeachiwa pia amekamatwa. Pweza wapimwe kwa kila mwanamke na kila mzamiaji kando kando. Eneo la asubuhi alilosema Nahodha lijaribiwe msimu mmoja, wa mshipi akiwemo, majarife yakiwa na taa.

Kusi likianza, vyombo viko juu, watu wana nafasi, tukae na madaftari yote. Hapo ndipo tuzungumze fungu, na tuandike kabisa: kilo kwa safari zikishuka chini ya kiwango tutakachokubaliana, nani anapunguza kwanza na kwa kiasi gani. Tuandike wakati hakuna mwenye hasira.

BintiMoa

Naafiki, kwa sharti moja. Kwenye hilo daftari la pweza aandike mwanamke. Karani wa kiume hashuki mwambani, atakaa kivulini asubiri, na sisi wengi hatupiti gatini. Tunapita njia ya mikokoni moja kwa moja kwa mnunuzi. Asipokuja mtu pale tunapopandia, takwimu za wanawake zitasoma sifuri, halafu mwakani mtasema hatuvui.

Mgosi wa Sahare

Hilo limeingia, dada. Karani wa pweza ni mwanamke na kituo chake ni njia ya mikokoni.

Kaole_Boy

Bagamoyo tutawafuata kwa kambamiti. Nitalipeleka kwa watu wa Mlingotini kabla ya masika.

Baharia Mstaafu

Mimi bado nina shaka na wenye baruti, na nitaendelea kuisema kila kikao mpaka doria ipate mafuta ya uhakika. Lakini daftari halina ubaya. Nguru wapimwe kuanzia mdomo mpaka katikati ya panda ya mkia, si mpaka ncha, kwa sababu ncha zinakatika kwenye wavu, halafu kila mtu atakuwa na urefu wake. Kijijini kwetu kuna mizani ya saa iliyonunuliwa kwa ajili ya mnada na haitumiki. Jumamosi nitaiomba, niipime kwa mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Ikisoma kilo 50 sawasawa, nitamwambia katibu wa BMU tuanze na hiyo.